Kabla ya Mrima kuchimbwa, tuambiwe mabaki yatawekwa wapi

Mhariri,

Kila Mlima Mrima wa Kaunti ya Kwale unapotajwa hapa Nairobi, ambako leseni za uchimbaji hutolewa, mazungumzo huelekea kwenye madini adimu ya mabilioni ya shilingi yanayosemekana kulala chini yake, na kwenye asilimia 10 ya mrabaha, yaani malipo anayotoa mchimbaji kwa madini anayochimba, ambayo Sheria ya Madini ya 2016 inaitengea jamii. Ni nadra kusikia mtu akiuliza jinsi madini hayo adimu yatakavyotenganishwa, ilhali hapo ndipo penye sumu nyingi.

Metali za madini haya adimu ziko 17, na kikemia zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Ili kuitenga neodimiamu, inayotengenezewa sumaku za mota za magari ya umeme, na jirani yake praseodimiamu, madini yaliyoyeyushwa kwa asidi hupitishwa katika matangi yenye mafuta ya taa yaliyotiwa kemikali za fosforasi. Kwa kuwa kila tangi hutenga kiasi kidogo tu, kazi hiyo hurudiwa katika mamia ya matangi. Hubaki maji machafu yenye asidi, chumvi na mara nyingi amonia, na kutoka hatua za mwanzo hubaki tope lenye thoriamu, ambayo hutoa miale hatari na haiishi nguvu katika umri wa mwanadamu yeyote. Mawe ya Mrima yana thoriamu nyingi, na tusisahau kwamba mlima huo ni msitu wa kaya, mahali patakatifu pa Wadigo.

Huko Baotou, kaskazini mwa China, bwawa la mabaki ya aina hii lilivujisha uchafu hadi kwenye maji ya visima vya wakulima. Nchini Malaysia, wakazi wa Bukit Merah walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980 kupinga kiwanda kilichoacha taka zenye thoriamu karibu na makazi yao. Kilifungwa, lakini usafishaji uliendelea kwa miaka mingi baadaye. Nasi tuna Owino Uhuru, Mombasa, ambako madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri yaliwadhuru watu hata mahakama ikaamuru, mwaka 2020, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fidia haiondoi risasi katika damu ya mtoto.

Siyapingi magari ya umeme. Nafurahi kuona bodaboda za umeme zikiongezeka jijini. Ninachokipinga ni leseni inayotolewa kabla ya maswali kujibiwa. Mwaka 2018 jopo la kimataifa la usuluhishi lilitupilia mbali madai dhidi ya Kenya kuhusu leseni ya Mrima, kwa kuwa ilitolewa bila tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria yetu basi ina meno.

Naiomba Wizara ya Madini, kabla ya kumpa mwekezaji yeyote kibali, ichapishe kwa Kiswahili kemikali zitakazotumika, kiasi cha maji kitakachohitajika na yatakakotoka, mahali thoriamu itakapohifadhiwa, na dhamana ya fedha atakayoiweka mwekezaji kwa ajili ya ulinzi wa mabaki hayo baada ya yeye kuondoka. Maelezo hayo yasomwe Mrima kwenyewe, mbele ya wazee wa kaya.

Mkazi wa Nairobi