Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu: Tope la josho liondolewe

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam kwako na wasaidizi wako. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua zangu mbili zimeishia masjala.

Jumanne mbuzi wangu watatu waliponyoka wakaenda kulamba tope ambalo mafundi walilichimbua kwenye josho la zamani. Hadi jioni wawili walikuwa wamekufa, wanaharisha maji matupu. Hakuna daktari aliyewapasua, lakini sihitaji kuambiwa kilichowaua. Wazee wetu waliochunga josho likiwa bado linatumika wanakumbuka: lilianza na aseniki, ikafuata toksafeni, zote sumu za kuulia kupe. Aseniki haiozi. Toksafeni ni miongoni mwa sumu ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliagiza zitokomezwe, na nchi yetu iliuridhia 2004. Kwetu imerundikwa kando ya njia ya ng'ombe.

Mbuzi waliokufa angalau nimewaona. Ninaowaogopea ni ng'ombe walio hai. Toksafeni hujificha kwenye mafuta ya mnyama, kidogo kidogo, kila anapolisha penye sumu. Kiangazi kikimkondesha, mafuta yanayeyuka na sumu inatoka, inaingia kwenye maziwa. Ndama ananyonya. Mjukuu wangu wa miaka miwili anakunywa maziwa hayo hayo.

Yaliyotokea Vikuge, Kibaha, yangetutosha. Viuatilifu chakavu viliwekwa pale miaka ya 1980, banda likaanguka, sumu ikazama kwenye udongo wa shamba la nyasi za mifugo.

Mwezi wa tatu ulisimama pale josho ukatuahidi wigo na gari la kubeba tope ndani ya wiki mbili. Tukakupigia makofi, mimi nikiwa mstari wa mbele. Huu ni mwezi wa tisa, na hata nguzo moja haijachimbiwa.

Ng'ombe akitengwa na malisho hayo, akapewa majani safi, mwili wake hujisafisha taratibu, miezi kwa miezi. Wangu nimewafungia. Nawakatia majani ng'ambo ya mto, nabeba kichwani, na nina miaka 61. Jirani yangu mwenye ng'ombe kumi na wanne atabeba mizigo mingapi?

Tuletee wataalamu walichukue tope, wasilimwage korongoni, maana huko ndiko tunakochota maji. Gari likikosekana, tuletee nguzo na seng'enge, wigo tutajenga wenyewe. Lakini tope liondoke. Vuli ikianza litateremka lote mtoni.

Liondoeni kabla ya mvua, Ndugu Mkurugenzi.

Mfugaji, jirani wa josho