Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Entebbe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Tumeambiwa risala isizidi ukurasa mmoja, kwa hiyo habari za kombe la mdahalo tunaziruka, twende moja kwa moja kwenye vibao.

Muhula uliopita tulifunga vibao sita vya mbao chini ya gati, kwenye mwalo ulio karibu na shule, tuone ni nini kitaota juu yake. Sisi hatukuingia majini kwa kuogopa kichocho. Mvuvi mmoja alitufungia, ujira wake soda mbili. Baada ya wiki tatu tukavitoa. Vilikuwa vitano. Cha sita, tunahisi, kilichemsha chai ya mtu. Vyote vilikuwa na utelezi wa kijani, ukipitisha kidole unaacha mstari, na kimoja kilikuwa na konokono wawili. Mwenye mtumbwi anaujua utelezi huo mfukoni mwake: chombo huwa kizito, injini hunywa petroli, na mwishowe hakuna budi kukivuta nchi kavu kikwanguliwe.

Baharini ni balaa zaidi. Utelezi wa bakteria hutangulia, mwani ukafuata, kisha wakaja ndugu wa kaa wenye magamba, wanaojigandisha kama saruji. Mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyewahi kuishi Mombasa, alitusimulia jinsi majahazi yalivyopakwa deheni kuwazuia, yaani chokaa iliyokandwa kwa mafuta. Baadaye viwanda vikaleta rangi yenye kemikali ya bati iitwayo TBT. Iliua kweli kweli, na haikuchagua. Huko Arcachon, Ufaransa, chaza wachanga walikufa na waliokua magamba yao yakaharibika umbo, hata mwaka 1982 serikali ikaizuia kwa boti ndogo. Konokono wa kike wa baharini waliota viungo vya kiume. Darasani tulicheka, mwalimu hakucheka. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001, ukaanza kutumika 2008. Siku hizi rangi nyingi hutegemea shaba, nayo si rafiki wa viumbe vya majini.

Mheshimiwa, kilichotuvutia ni kwamba baadhi ya bakteria wenyewe hufukuza wapangaji wengine. Yupo aitwaye Pseudoalteromonas tunicata, anayeishi juu ya viumbe laini vya baharini na juu ya mwani. Ana rangi mbili, manjano na zambarau, ndiyo maana akioteshwa maabarani huonekana kijani kilichoiva. Ile ya manjano huzuia kuvu. Zaidi ya hizo hutoa protini inayoua bakteria jirani, na kemikali nyingine zinazowazuia viluwiluwi wa baharini, yaani watoto wa hao wanaojigandisha, wasitue. Watafiti wa Hong Kong nao walianzia kwenye kemikali za bakteria wa jamii ya Streptomyces, wakatengeneza kemikali iitwayo butenolidi. Hiyo ndiyo tuliyoipenda zaidi: kiluwiluwi hukataa kujibandika, lakini ukimrudisha kwenye maji safi huendelea na maisha yake. Amefukuzwa, hakuuawa.

Kazi ngumu ni kuipata kemikali hiyo kwa wingi, na kuifanya itoke kwenye rangi polepole badala ya kumalizika mapema.

Tunajua Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, si bahari, na huyo bakteria wa chumvi hatumtarajii hapa. Lakini maji ya ziwa hili ndiyo yanayovutwa pale Ggaba kwenda mabombani Kampala, kwa hiyo kinachopakwa chini ya mtumbwi kinatuhusu mezani. Tungependa kujua ni nani anayeishi kwenye utelezi wetu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza darubini, kwani tuliyonayo lenzi yake ina ufa, na kila tunachokitazama kina ufa. Pili, utuunganishe na watafiti wa ziwa walioko Jinja, maana kuotesha bakteria tusiowajua bila msimamizi mwalimu wetu amekataa, na tunakubali amefanya vyema.

Vibao vitano viko kwenye meza ile ya dirishani. Karibu uviguse, maji na sabuni tumeweka.

Tunaomba kuwasilisha.