Makruza yamepaki masika hii, fungueni mahabu sasa

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wamiliki wa magari ya utalii hapa Arusha pamoja na wenzao wa Moshi, maana muda wenyewe ndo huu, ikishafika mwezi wa sita hakuna atakayenisikiliza, kila mtu atakuwa mbio uwanja wa ndege wa KIA kupokea wageni.

Masika hii ukipita Njiro, Sakina, mpaka Moshono huko unaona makruza, yaani Land Cruiser za safari, yamepangwa kwenye mayadi. Ukiingia ndani unakuta watu wanapiga rangi, wanashona siti upya, wanabadilisha taa. Sawa, mgeni anapenda gari linalong'aa. Ila gari hilo hilo limerudi kutoka Ndutu limevuka makorongo yana maji mpaka juu ya habu, kile kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani, likaoshwa kwa mashine ya presha, kijana akaelekeza maji pale pale katikati ya ringi ili tope litoke vizuri, halafu likapaki. Maji yaliyoingia kwenye habu bado yamo humo. Gari likikaa limesimama wiki na wiki, rola za beringi zinakuwa zimegusa sehemu moja tu, kutu inaanzia hapo, vidoti vidogo ambavyo usipoifuta beringi huvioni, lakini msimu ukianza gari likishapata rasta, vile vituta vidogo vya barabara ya vumbi, za kuanzia geti la Loduare lami inapoishia mpaka Naabi, vile vidoti vinaanza kumeguka na dereva anasikia mngurumo anadhani ni tairi.

Kinachoniuma kwenye biashara hii ni sili. Kale karaba kenye chuma na kaspringi kembamba ndani yake ndo kanazuia vumbi na maji yasiingie na grisi isitoke, na ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye habu nzima. Sasa bosi analeta gari anasema fundi fungua, osha, weka grisi, funga. Ukimwambia sili imekatika mdomo anasema irudishe tu hiyo hiyo bado nzima! Jamani, sili ukishaing'oa kwa bisibisi haina uzima tena, imeshapinda, ukiirudisha unakuwa umefunga mlango uliovunjika bawaba. Grisi mpya yote uliyopaka itakuwa imejaa vumbi la kule chini ya Ngorongoro ndani ya safari chache, na vumbi lile ni la majivu ya volkano, laini kama unga lakini linasaga chuma.

Na hata ukinunua sili mpya kuna mambo. Ule upande wenye springi unaangalia kwenye grisi, hauangalii nje, nimeona magari yametoka gereji za watu sili imegeuzwa. Mdomo wake lazima upakwe grisi kabla ya kuingiza, ukiuacha mkavu unaungua kilomita za mwanzo tu. Kuingiza usiigonge upande mmoja kwa nyundo, weka kipande cha mbao bapa juu yake uigonge taratibu ikae sawa kote. Halafu pitisha kucha pale sili inapozungukia, ukisikia kucha imekwama kwenye mfereji ujue sili ya zamani imeshachimba chuma, ukiweka mpya ikakaa palepale itavuja tu, kwahiyo mara nyingine inabidi uiweke juu kidogo au chini kidogo ya ule mfereji, au fundi mchongaji akuvishie pete nyembamba ya chuma pale.

Grisi nayo haipakwi juu juu kama mafuta ya mgongo. Unaweka donge kiganjani, unaibonyezea beringi kwa upande wake mpana mpaka uone grisi inatokea upande wa pili katikati ya rola, unazungusha unarudia. Kabla ya hapo ile ya zamani ioshwe yote itoke, ikauke kabisa, na usiikaushe kwa hewa ya kompresa huku beringi inazunguka na kupiga mluzi, vijana wanapenda sana huo mchezo ila unaiharibu beringi na unaweza kumtoa mtu jicho. Na msichanganye grisi ya kopo hili na ya kopo lile bila kujua ni za aina gani, zipo zisizopatana, zikikutana zinalainika zinakuwa uji na kumwagika nje joto likipanda.

Halafu nati. Kruza la ekseli nzima mbele, yaani bomba moja kutoka tairi hadi tairi, lina nati mbili kubwa za habu, zinataka soketi ya milimita 54, katikati kuna washa ya kukunja ili zisijifungue. Gereji ngapi mjini zina hiyo soketi mimi sisemi, ninachojua nikifungua habu nyingi nakuta nati zimeliwa kona zote kwa patasi. Patasi haikwambii umekaza kiasi gani. Ukikaza sana beringi inapikika, ukilegeza tairi linacheza linakula sili na breki. Inatakiwa ukaze huku unazungusha habu kwa mkono ili rola zikae, ulegeze, ukaze tena kidogo mpaka usiwe na mchezo lakini habu izunguke bila kubana, ndo ukunje washa. Washa nayo iwe mpya, ikishakunjwa na kukunjuliwa mara kadhaa inakatika masikio.

Huko ndani kuna sili nyingine ambayo wengi hawaijui, ipo kwenye ekseli ya mbele, inatenganisha oili ya difu, yale magia ya katikati ya ekseli yanayogawa nguvu kwa matairi, na grisi ya kile kichwa cha mviringo ambacho tairi linakatia kona. Ikichoka, oili ya difu inahamia kwenye grisi inakuwa supu nyeusi inatiririka ndani ya ringi, watu wanasema aah grisi imezidi tu hiyo. Haijazidi, difu yako inakauka taratibu. Na kabla ya kulaumu sili angalia kipumulio cha difu, kile kibomba kidogo cha juu, kikiziba kwa matope basi difu ya moto ikiingia kwenye maji ya baridi hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia kwenye sili hata kama ni mpya kabisa. Fungua nati ya chini uone, oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa ujue maji yameshaingia.

Propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, sitaizungumzia sana, krosi, yaani viungo vyake, zenye nipo ya kupigia grisi pigeni grisi mpaka itokee vikombe vyote vinne, ikitokea vitatu tu basi cha nne kimeziba na ndo kitakachofia njiani. Wenye Koasta mcheki na senta beringi inayoshika propela katikati, lile raba lake likichanika gari linatetemeka linapoondoka.

Kuhusu spea feki nitasema moja tu, boksi la Koyo au NSK halimaanishi ndani kuna Koyo au NSK, angalieni maandishi yaliyochongwa kwenye beringi yenyewe na mnunue kwa mtu ambaye mnaweza kumrudishia.

Najua mtasema msimu wa mvua hela hamna. Lakini gari likilala Serengeti na wageni wanne ndani, mnatuma gari lingine kutoka Arusha, fundi, beringi, na kampuni inaandikwa vibaya huko mtandaoni, hapo hela mnaitoa wapi? Soketi ya 54 nunueni wenyewe ikae stoo, fundi akija mpeni. Presha ya maji ikae mbali na habu. Na siku mnachukua gari, msikubali kuambiwa tu tumeshabadilisha, mwambieni fundi awape beringi za zamani kwenye kopo, mzifute kwa kitambaa mziangalie kwenye jua. Yenye rangi ya bluu ilipata moto, ama grisi iliisha au ilikazwa mno, yenye vidoti na kutu imekunywa maji, yenye mikwaruzo mirefu imesagwa na vumbi, kwahiyo sili yake ilikuwa imeshakufa siku nyingi.

Fundi wa difu na habu,
Unga Limited, Arusha