Watoto wanafundishwa tableti, hodi ya simu hawafundishwi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo, nina jambo linanichoma. Juzi kulikuwa na harusi huku mtaani kwetu Langoni, ile shughuli ya wanawake peke yao, milango imefungwa, kina dada wamevua mabuibui wanacheza kwa raha zao. Mtoto mmoja wa jirani, miaka 13, akachukua simu ya mamake akarikodi akaweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Kabla ya adhana ya alfajiri video ishaingia magrupu ya wanaume na asubuhi inaangaliwa barazani. Msichana aliyeonekana zaidi ni mwanafunzi wa sekondari, alikaa wiki mbili hataki kutoka nje wala kwenda shule.

Nilimwita yule aliyeposti nikamuuliza kwa upole, akanambia, "Lakini shangazi mimi niliifuta, na stetasi si hupotea yenyewe baada ya saa 24?" Na alikuwa akisema kweli toka moyoni mwake. Hakuna aliyewahi kumuelezea kwamba ikipotea kwako haipotei kwa yule aliyeichukua, mtu akishapiga skrinshoti au kuiseivu ni yake na ataituma anakotaka.

Huyu mtoto adabu anayo, hawezi kupita daka la nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Na wageni wakija Lamu tunawaambia waziwazi usimpige mama picha kabla hujamuomba, sasa wetu wenyewe mbona hatuwaambii? Shule ilipopata habari ikapiga marufuku simu na watoto wakasemwa paredi, basi yakaisha, kumbe simu zenyewe ziko nyumbani.

Serikali ilianza kugawa tableti shule za msingi 2016, na mtaala wa CBC wa hapa Kenya una umilisi wa kimsingi saba, yaani uwezo ambao kila mtoto anatakiwa ajengewe, ujuzi wa kidijitali umo na uraia umo. Lakini nikiangalia madaftari ya wanangu naona sehemu za kompyuta na jinsi ya kuiwasha na kuizima, huo uraia wa kwenye simu siuoni. Na sheria haina mchezo, ile ya uhalifu wa mitandao ya 2018 mtu akipatikana na hatia ya kumsumbua mwenzake mtandaoni faini yaweza kufika shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Mtoto aijue akiwa darasani, asiijulie kituo cha polisi.

Wala haihitaji bajeti. Mwalimu apige picha ya punda pale ufuoni, aitume Jumatatu kwa mzazi mmoja tu na amuombe aisambaze, Alhamisi watoto waulize majumbani imefika simu ngapi, halafu ajaribu kuifuta mbele yao waone. Baada ya hapo awaulize, na angekuwa dadako?

Na sisi wazazi tuitwe pia, maana ni sisi tunaoposti watoto wakilia na karatasi zao za matokeo na majina kamili juu yake, wala hatujawauliza.

Yule msichana amerudi shule. Harusini bado hataki kwenda, wiki hii kuna ya binamu yake na mamake ameniomba nikamsemeze.

Mama wa watoto wanne,
Langoni, Lamu