Barua kwa mwanangu: anza na merikani

Mwanangu mpenzi,

Mbukwa. Huku Dodoma hatujambo, ni vumbi tu na upepo wa kiangazi. Baba yako anakusalimu sana.

Uliniuliza kwenye simu ni vazi gani la kale ninalolipenda kuliko yote niliyowahi kushona, maana shuleni kwako Tabora watoto wanataka kuigiza safari za misafara na hujui uanzie wapi. Nikakujibu haraka haraka kwamba ni joho. Nimelifikiria tena usiku. Joho lenye darizi linapendeza jukwaani, na nimeshona mawili, lakini moyo wangu uko kwenye merikani.

Nguo hiyo ndiyo iliyopita hapa kwetu Ugogo mabegani mwa watu. Ilifumwa Marekani, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta kwa wingi mpaka Unguja, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya nchi yao na Sayyid Said. Ndiyo maana ikaitwa kwa jina la ilikotoka. Ni pamba tupu isiyopaushwa, rangi yake karibu na ya mtama mweupe. Msafara ukishavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, watemi wetu walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kuwa maji yalikuwa yao, na hongo ililipwa kwa nguo: shuka ni mikono minne, doti mikono minane, mkono ukiwa toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mzigo wa mpagazi mmoja ulifika kama frasila mbili, kilo zaidi ya 30. Kila nikikata merikani nauona mgongo wa yule aliyeibeba kutoka Bagamoyo.

Kwa hiyo, mama, usinunue tetroni. Najua wengi wanaipenda kwa maigizo kwa sababu haikunjiki, lakini inang'aa kwenye taa na haikai mwilini kama pamba. Tafuta ile pamba nzito isiyopaushwa. Mimi huipata soko la Majengo. Iloweke usiku kucha kabla hujaikata, maana hurudi, kisha uianike juani ikiwa mbichi, uinyunyizie maji ikikauka, uianike tena. Jua la huku kwetu siku tatu tu linaitoa ule ukavu wa dukani, inakuwa laini kama nguo iliyokwisha kuvaliwa. La Tabora nalo halitakuangusha.

Wanawake wa kwenye igizo wavishe leso. Hili ndilo chaguo langu la pili, na kwa raha ya kushona labda ni la kwanza. Zamani, kabla kanga haijaja na pindo lake na mji wake wa katikati, wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso vilivyochapwa pamoja kwenye jora, wakakata sita, wakaviunga vitatu kwa vitatu kuwa nguo moja pana. Nimekuwekea moja kwenye kifurushi. Igeuze uangalie upande wa ndani. Utaona ukingo mmoja nimeupunguza, mwingine nikaukunja juu yake nikaulaza, ndipo nikaushona kwa mkono, mishono midogo kama punje za uwele. Uzi niliupitisha kwenye nta ya nyuki kutoka Manyoni ili usijisokote. Mshono wa namna hiyo hautoi nyuzi wala haumkwaruzi mvaaji, na ukiupapasa kwa kidole huoni ulipo.

Naona bora kushona kwa mkono kila mahali ambapo mtazamaji ataona. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake 1851, na huku bara mashine zilichelewa. Mishono ya ndani piga kwa cherehani, sitakulaumu, maana una watoto 40 wa kuvisha.

Kanga yenye jina iache. Maneno yalianza kuchapwa kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwa herufi za Kiarabu kwanza, kwa hiyo mke wa mpagazi wa 1870 hawezi kuwa nayo. Kisutu, ile kanga ya harusi, kitakufaa kwenye igizo la harusi, siku nyingine.

Kaniki nayo, ile nguo ya pamba ya buluu iliyokoza, iogope kidogo. Mwaka ule niliposhonea kwaya yetu, nilifunga kaniki mpya pamoja na kanzu nyeupe kwenye mfuko mmoja, na mfuko ukaloa mvua njiani. Kanzu sita zilitoka na madoa ya buluu kifuani na nikalia mbele za watu, kwa kuwa darizi za shingoni nilizifanya mwenyewe kwa majuma matatu. Tangu hapo naifua kaniki peke yake, maji baridi yenye chumvi, mpaka maji yatoke meupe.

Kifurushi kinakuja na treni, yupo dada wa kanisani anayesafiri Ijumaa, kampokee stesheni. Ndani kuna leso, doti mbili za merikani na kipande cha nta. Pima doti kwa mkono wako mwenyewe, kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, kama walivyopima wao, halafu niambie umepata mikono mingapi. Kaniki ya wapagazi ninayo hapa kwenye beseni. Jana maji yalikuwa bado ya buluu, nitaituma ikishakuwa tayari.

Mama yako