Barua kwa wanasihi vijana wanaomjua mteja kabla hajaketi

Wanangu,

Nawasalimu kutoka Bombo, mji wetu wa kambi ya jeshi hapa Uganda. Mvua inanyesha tangu alfajiri, magoti yananiuma, na hasira ninayo. Kwa hiyo msitarajie barua iliyonyooka.

Wiki mbili zilizopita niliketi pembeni, kwa ruhusa ya mteja, nikimsimamia mmoja wenu. Simtaji jina, mwenyewe anajijua. Aliingia mama wa makamo, gomesi, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, imepigwa pasi vizuri, mkononi ana bahasha ya kaki. Akaiweka mapajani, akawa anaikunja kona, anaikunjua, anaikunja tena. Akaanza kusema habari za mumewe, kidogo kidogo, huku anatazama mlango. Haikufika dakika ishirini, kijana wetu akamwambia: "Mama, hasira hii si ya mume wako. Ni ya baba yako, umeihamishia kwa mume." Mama akamtazama. Akasema, "Ndiyo, mwanangu." Akashukuru, akaondoka. Hajarudi mpaka leo.

Ile bahasha hakuna aliyeiuliza. Hata mimi sikuiuliza. Nilijiambia msimamizi haingilii kikao, basi nikalinda kanuni na mtu akatoka kama alivyoingia.

Kijana alikuja kwangu anatabasamu: mteja amepata utambuzi! Utambuzi gani? Hapa kwetu mtu mzima akimwitikia "ndiyo" mtoto aliyesoma, mara nyingi anaomba aachiwe aende zake. Mlikulia hapa hapa Uganda, mnalijua hilo vizuri kuliko kitabu chochote. Mbona mkishavaa beji mnalisahau?

Freud, yule daktari mwasisi wa uchambuzi wa nafsi, mnapenda kumtaja. Basi mtajeni pamoja na aibu yake. Oktoba 1900, kule Vienna, alianza kumtibu msichana wa miaka 18 ambaye katika maandishi yake alimpa jina la Dora. Alikuwa na jibu kwa kila ndoto ya binti yule, kila kikohozi, hata kimkoba alichokuwa akikichezea kiunoni. Baada ya wiki kumi na moja, siku ya mwisho ya mwaka, Dora akaaga, akaenda zake. Freud alipoichapisha habari hiyo mwaka 1905 alikiri mwenyewe kwamba hakuuwahi uhamisho wa hisia. Hakuona kwa wakati binti alikuwa akimweka yeye daktari mahali pa nani. Huyo ndiye mwenye nadharia. Ninyi wa mwaka wa pili mnamaliza kazi kwa dakika ishirini. Huko ni kupiga ramli, tofauti mmeweka Freud mahali pa vibuyu.

Uhamisho wenyewe si jambo la Ulaya. Binti wa Kiganda akikaa mbele ya mnasihi mwanamke mwenye umri, mara nyingi anamwona ssenga wake, yaani shangazi anayemfunda mambo ya ndoa. Anangoja aambiwe namna ya kumtunza mume, na kama ana siri anaificha, maana ssenga hugomba. Askari mstaafu akija hapa Bombo ananiita "afande" huku ananicheka, kisha anatoa ripoti ya ndoa yake kama ripoti ya doria. Hayo yaoneni, yawekeni moyoni, msiyatangaze. Siku ya kuyasema huja, na mara nyingi mteja huyasema mwenyewe.

Na hisia zinatoka kwetu pia. Zamani nilikuwa na mteja mlevi aliyenuka waragi. Miezi miwili nilimkatiza maneno, nikamwahirishia miadi, nikamwandika kwenye faili kuwa "hana ushirikiano". Msimamizi wangu akasoma faili, akaniuliza swali moja tu: "Huyu unayemfokea ni nani?" Nikalia pale pale. Alikuwa marehemu baba yangu. Mganga hajigangi, wanangu, ndiyo maana usimamizi haukomi na diploma.

Sasa niwape kisa ambacho hamkisemi darasani ingawa kilitokea mlangoni kwetu. Mary Ainsworth, mliyemkariri kwa ajili ya mtihani, alikuwa amefanya kazi London na Bowlby, daktari aliyechunguza watoto waliotenganishwa na mama zao, kisha akaja Uganda kumfuata mumewe aliyepata kazi Kampala. Mwaka 1954 na 1955 alizunguka vijiji vya karibu na Kampala kuwatazama akina mama 26 na watoto 28. Alikwenda nyumba kwa nyumba na mkalimani wake, anaketi sebuleni, anarudi tena na tena kwa miezi. Alikuja na swali lake tayari: mtoto huwaje akitenganishwa na mama wakati wa kuachishwa ziwa? Akakuta desturi hiyo wengi wameshaiacha. Angeweza kuwalazimisha wale mama waingie kwenye swali lake. Akabadilisha swali, akaanza kutazama mtoto anavyomshika mama, anavyomwacha akatambae, anavyomrudia. Kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Nadharia ya kushikamana kwa mtoto na mlezi inayosomwa dunia nzima ilijengwa kwa kiasi kikubwa kwenye mikeka ya Waganda, na ninyi mnaileta kama mzigo wa Entebbe!

Nikifika hapo siwezi kuwaacha wazazi. Mtoto wa miaka sita tunampakia godoro na sanduku la bati, tunampeleka bweni, tunaringa. Akifika kumi na sita hasemi na mtu, tunauliza ana pepo gani. Shuleni nako, mwalimu wa unasihi mara nyingine ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu, na kiboko kiko nyuma ya mlango ingawa sheria ilikikataza tangu mwaka 2016. Nani atamfungulia moyo huyo?

Mengine nayataja tu. Kinga za nafsi, zile njia mtu anazojifichia maumivu, alizozipanga Anna, binti yake Freud, mwaka 1936, zinaitwa kinga. Usimvue mtu kabla hujajua anajikinga na nini. Hatua nane za ukuaji wa mtu alizozieleza Erikson si ngazi ya kumpandishia mteja. Vipimo vya haiba vya kwenye simu, vile vya herufi nne, vifuteni. Na hata vile vya maana havikutungwa kwa Kinubi wala Kiluganda. Ndoto, sikilizeni, msitafsiri. Andikeni faili kana kwamba mteja ataisoma.

Mimi nilianza kazi hii enzi za silimu, ndivyo tulivyouita ukimwi, TASO, shirika la kuwahudumia wagonjwa wake, ilipokuwa changa, miaka michache baada ya Noerine Kaleeba na wenzake kuianzisha mwaka 1987. Nadharia tulikuwa nazo chache. Tulikuwa na viti, chai, na watu waliojua wanakufa. Sisemi zamani ndiko kulikuwa kwema. Wengi tuliwakosea kwa kutojua haya mnayoyajua leo. Ndiyo maana naumia mkiyatumia hivi.

Alhamisi nipo kuanzia saa nne. Njooni na faili zenu, na wewe unayejijua uje wa kwanza. Sitakugomba mbele ya wenzako.

Yule mama akirudi, mpeni kiti kinachotazama mlango, maana alikuwa akiutazama. Habari za baba yake ziacheni. Mwulizeni kuhusu bahasha. Hapana, hata bahasha iacheni. Mwulizeni amesafiri vipi na mvua hii, kisha mnyamaze.

Bibi yenu,
Bombo