Asiyetaka mtoto si sawa na aliyemkosa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu watu wasio na watoto imewatia kapu moja watu watatu tofauti: aliyeamua kwamba hataki, anayesema bado, na aliyetafuta akakosa. Huyo wa tatu ndiye anayeumia zaidi, maana anaitwa mbinafsi kwa jambo ambalo hakulichagua.

Ukitaka kuwatenganisha, uliza: "Mimba ikiingia mwezi huu, utafurahi?" Wenzi waulizwe kila mmoja peke yake. Wakiketi pamoja, mmoja atasema "tumeamua" na mwingine ataitikia kwa kichwa tu.

Mwaka 2024 Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilichapisha majibu ya watu wa chini ya miaka 50 wasio na watoto na wasiotarajia kuwapata. Asilimia 57 walisema sababu kubwa ni kwamba hawataki, basi. Kwa wanawake ilikuwa 64, kwa wanaume 50. Waliotaja gharama ni 36. Kila sababu iliulizwa kivyake, kwa hiyo msijumlishe mkitafuta 100.

Kwetu washauri wa uzazi wa mpango, mwanamke asiyetaka mtoto kwa kawaida huja na maelezo marefu: mimba, uchungu, kukesha, kazi itakayosimama. Anajua atahojiwa. Mwanamume husema "bado" na mazungumzo yanaishia hapo, hata akiwa na miaka 45. (Mwanamke wa umri huo akisema "bado", ataelekezwa kwa daktari.)

"Sitaki" na "bado" zinahitaji njia tofauti za uzazi wa mpango, na hilo hamkuligusa. Mwanamume asiyetaka kabisa anaweza kufunga kizazi: anapigwa ganzi, mirija miwili ya mbegu inakatwa na kufungwa, na anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hamu na nguvu hazipungui. Ila mbegu zilizokwisha kupita pale palipokatwa bado zimo njiani, kwa hiyo atumie kinga nyingine kwa miezi 3, kisha shahawa zipimwe. Kipimo hicho wengi hukiruka, na mimba za baada ya upasuaji mara nyingi hutokana na haraka hiyo. Kwa mwanamke kufunga mirija ni kazi kubwa zaidi, kwani lazima kuingia tumboni.

Mwenye "bado" asifungwe kizazi. Kuunganisha mirija tena ni kugumu kuliko kuifunga, na mimba haina uhakika. Kipandikizi, kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono wa mwanamke, hukaa miaka 3 hadi 5, kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi miaka 10 au zaidi, na vyote hutolewa siku yoyote mwenyewe akitaka.

Mshauri wa uzazi wa mpango